Kabla hujauza kifaa cha mvuke ulichokiunda mwenyewe: mambo ya sheria na kodi

Mafundi wenzangu wanaounda vifaa vya kuvuta mvuke, yaani sigara za kielektroniki, kwa mikono yao huniuliza mara kwa mara kuhusu kodi: walipe kiasi gani, wajisajili wapi, waanze kutoa risiti lini. Ni maswali ya mtu anayetaka kufanya kazi yake kwa uaminifu, nami nayaheshimu. Hata hivyo, anayeanza na kodi ameanza katikati ya njia. Kodi hutangulia kudhani kwamba bidhaa inaruhusiwa kuuzwa, na kwa vifaa hivi dhana hiyo mara nyingi si ya kweli. Ninaandika nikiwa mtu anayeunda vifaa vya namna hii kwa matumizi yake mwenyewe, na ambaye kazi yake ya kila siku ni kutunza vitabu vya hesabu vya biashara ndogo. Mimi si wakili. Nitakayoyaeleza yatakusaidia kujua maswali ya kumpelekea wakili na mhasibu wa nchi yako, kabla hujapokea pesa ya mnunuzi wa kwanza.

Tuanze na kifaa chenyewe. Mafundi wengi hukiita modi: kasha la mbao, alumini au plastiki, ndani yake betri moja au mbili za lithiamu, kibao cha saketi kinachodhibiti umeme, kitufe, na kiungio cha juu cha kufungia tangi. Fundi anapokiuza hakina tangi, hakina koili (waya unaopasha moto kimiminika kiwe mvuke), na hakina hata tone la nikotini. Ndiyo maana hujiona kuwa anauza kifaa cha umeme, tena kizuri, chenye mbao iliyong'arishwa kwa mikono, na haoni kinahusiana nini na sheria za tumbaku.

Sheria nyingi zimekwisha kulijibu jambo hilo, na hazikulijibu kwa namna anayoitarajia. Agizo la Umoja wa Ulaya kuhusu bidhaa za tumbaku, la mwaka 2014, linaitafsiri sigara ya kielektroniki kuwa bidhaa inayoweza kutumika kuvutia mvuke wenye nikotini kupitia kipande cha mdomo, au sehemu yoyote ya bidhaa hiyo, na linataja waziwazi kifaa kisicho na tangi. Neno lenye uzito hapo ni "inayoweza". Kinachoangaliwa ni uwezo wa kifaa, hata kama fundi alikusudia kitumike kwa kimiminika kisicho na nikotini. Nchini Marekani, kanuni ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA, iliyoanza kutumika tarehe 8 Agosti 2016, iliziingiza sigara za kielektroniki pamoja na sehemu zake katika kundi la bidhaa za tumbaku. Betri, koili, tangi na programu inayoendesha kifaa zimo katika sehemu hizo. Bunge la nchi hiyo liliongeza mwaka 2022 kwamba nikotini iliyotengenezwa maabara, isiyotoka kwenye jani la tumbaku, nayo imo, na hivyo mlango uliokuwa umebaki wazi ukafungwa.

Jambo la pili ambalo fundi halitarajii ni kuitwa mtengenezaji. Katika mazungumzo ya kawaida mtengenezaji ni kiwanda. Katika sheria za namna hii mtengenezaji ni yeyote anayeunda, anayeunganisha au anayebadilisha bidhaa kwa ajili ya kuiuza, na meza ya jikoni inahesabiwa sawa na jengo lenye wafanyakazi mia. FDA ina ngazi ya mtengenezaji mdogo, ambayo ni kampuni yenye wafanyakazi wasiozidi 150 na mapato ya mwaka yasiyozidi dola milioni 5, na ngazi hiyo ilipewa muda wa ziada katika baadhi ya taratibu. Muda wa ziada haukuwa msamaha. Mtu mmoja anayeunda vifaa kumi kwa mwaka anadaiwa kusajili mahali pake pa kazi, kuorodhesha bidhaa zake, na kuwa na idhini ya bidhaa kabla ya kuiuza.

Idhini hiyo ndiyo ukuta wenyewe. Bidhaa ambayo haikuwa sokoni Marekani tarehe 15 Februari 2007 inahesabiwa kuwa mpya, na bidhaa mpya inahitaji maombi yanayothibitisha kwa ushahidi wa kisayansi kwamba kuwapo kwake sokoni kunafaa kwa ulinzi wa afya ya umma. Tarehe ya mwisho ya kuwasilisha maombi kwa bidhaa zilizokuwa tayari sokoni ilikuwa 9 Septemba 2020. Kampuni zilipeleka maombi ya mamilioni ya bidhaa, na zilizopewa idhini ni chache mno, nyingi kati yake zikiwa za kampuni kubwa zenye maabara na mawakili. Tarehe 2 Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iliunga mkono kwa kauli moja namna FDA ilivyoyapima maombi hayo, katika shauri lililohusu watengenezaji wadogo wa vimiminika vyenye ladha. Kwa hiyo, mtu akiniuliza kama anaweza kuuza Marekani modi aliyoiunda mwenyewe, jibu langu la kweli ni kwamba kwa hali ilivyo hana njia halali anayoweza kuimudu. Najua jibu hilo linaumiza. Ni afadhali liumize kabla ya kununua mashine ya kukata mbao kuliko baada ya kupokea barua ya onyo. Na asidhani kwamba wadogo hawaonekani: Februari 2023 FDA ilifungua madai ya faini ya kiraia dhidi ya watengenezaji wanne waliokuwa wakiuza bila idhini, na hawakuwa makampuni ya kimataifa.

Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza njia ipo, ingawa ni nyembamba. Mtengenezaji hutoa taarifa kwa mamlaka miezi sita kabla ya kuiweka bidhaa mpya sokoni, akieleza vipande vyake, namna inavyotengenezwa, na akikiri kwamba anabeba wajibu wote wa ubora na usalama inapotumika kwa kawaida. Uingereza ilizichukua kanuni hizo mwaka 2016, na taarifa hupelekwa kwa mamlaka inayosimamia dawa na vifaa tiba, MHRA, pamoja na ada. Tangi haliruhusiwi kuzidi mililita 2, chupa ya kujazia haizidi mililita 10, na nikotini haizidi miligramu 20 kwa mililita. Ugumu wa fundi wa mikono uko mahali pengine: taarifa hutolewa kwa bidhaa, na bidhaa inatarajiwa kuwa ile ile kila inapotoka. Fundi ambaye kila kasha lake ni tofauti, leo betri moja kesho mbili, leo kibao cha saketi cha aina hii kesho cha aina nyingine, hujikuta ana bidhaa mpya kila wiki. Anayetaka kuuza Ulaya huna budi kumshauri aache upekee ubaki kwenye umbo na aina ya mbao, na mambo ya ndani ayaweke kuwa mamoja kabisa.

Ziko nchi ambako hakuna hata hiyo njia nyembamba. Sheria ya India ya mwaka 2019 inakataza kuzalisha, kutengeneza, kuingiza, kusafirisha, kuuza, kuhifadhi na kutangaza sigara za kielektroniki, na kosa la kwanza linaweza kumpeleka mtu jela hadi mwaka mmoja. Uganda ilizipiga marufuku katika sheria yake ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015. Brazil ilikataza tangu 2009 na kulithibitisha katazo hilo mwaka 2024. Singapore inakataza hata kumiliki. Anayeuza kwa njia ya mtandao asiangalie sheria ya mahali alipo yeye peke yake, kwa sababu mzigo ukifika katika nchi yenye katazo, mnunuzi ndiye atakayekamatwa forodhani kwa kitu ambacho muuzaji alikifunga kwa furaha na kukiandikia shukrani.

Kabla sijafika kwenye kodi, maneno ya tangazo. Mafundi wengi walianza kuvuta mvuke ili waache sigara, na wengine walifanikiwa, kwa hiyo ni jambo la kawaida kwao kuandika chini ya picha ya kifaa kwamba kitamsaidia mtu kuacha. Sentensi hiyo moja inaweza kukihamisha kifaa kutoka sheria ya tumbaku kwenda sheria ya dawa. Mahakama ya rufaa ya Washington, D.C., ilieleza mpaka huo mwaka 2010 katika shauri la kampuni ya Sottera: sigara za kielektroniki zinaweza kusimamiwa kama bidhaa za tumbaku mradi hazitangazwi kwa madai ya tiba. Andika vipimo, aina ya mbao, aina ya betri na maonyo. Mambo ya afya yaachie wenye mamlaka ya kuyasema. Hata kugawa bure hakusaidii, maana kanuni za FDA zinakataza sampuli za bure za bidhaa za tumbaku, na sigara za kielektroniki zimo. Fundi anayesema kwamba hauzi ila anapokea "mchango" hajabadilisha chochote, kwa sababu sheria na kodi zote mbili huangalia kilichotokea, wala hazijali jina lililopewa.

Umri wa mnunuzi ni jambo lisilo na mjadala: Marekani ni miaka 21 tangu Desemba 2019, na nchi nyingi nyingine ni 18. Uzito wake unaonekana zaidi katika kutuma mizigo. Sheria ya Marekani inayoitwa PACT, iliyopanuliwa Desemba 2020, iliweka sigara za kielektroniki katika utaratibu uliokuwa wa sigara za kawaida, na maana yake ya kifaa ni pana kuliko ya FDA kwa kuwa inagusa hata kifaa kinachotumia kimiminika kisicho na nikotini. Anayetuma kwa mnunuzi wa jimbo jingine anapaswa kujisajili kwa serikali kuu na kwa mamlaka za kodi za majimbo anakotuma, kuhakiki umri, kupata saini ya mtu mzima wakati wa kukabidhi, na kupeleka ripoti kila mwezi isiyochelewa kupita tarehe 10. Shirika la Posta la nchi hiyo lilifunga huduma kwa wauzaji wa kawaida wa bidhaa hizi Oktoba 2021, na kampuni kubwa za usafirishaji nazo zilijiondoa. Mengi ya masoko ya mtandaoni na kampuni za malipo hukataza bidhaa hizi katika masharti yao, na akaunti iliyofungwa inaweza kufungwa pamoja na pesa zilizomo.

Sasa kodi. Nianze na jambo linalowashangaza wengi: mapato yanatozwa kodi hata kama bidhaa hairuhusiwi kuuzwa. Mwaka 1927, katika shauri la mtu aitwaye Sullivan, muuza pombe haramu, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba uharamu wa biashara haumwondolei mtu wajibu wa kupeleka hesabu za kodi. Miaka minne baadaye Al Capone alipatikana na hatia ya kukwepa kodi ya mapato. Kinyume chake ni kweli vilevile, na ndicho ninachotaka kisisitizwe: kulipa kodi hakuihalalishi bidhaa. Namba ya mlipakodi inaonyesha tu kwamba mamlaka ya mapato inakujua. Fundi anayeonyesha stakabadhi za kodi mbele ya mkaguzi wa bidhaa anakuwa amethibitisha idadi ya vifaa alivyouza.

Kodi ya mapato yenyewe huanza na kutofautisha burudani na biashara. Mtu anayeuza kifaa chake cha zamani kwa bei ndogo kuliko aliyokinunulia hafanyi biashara. Mtu anayenunua vibao vya saketi kumi, anaunda makasha kumi na kuyatangaza, anafanya biashara hata kama kazi yake ya mshahara iko kwingine. Mamlaka za kodi huangalia marudio, nia ya kupata faida, namna anavyotangaza na kama anatunza hesabu. Nchini Marekani, Idara ya Mapato, IRS, hudhani kuwa ni biashara iwapo kulikuwa na faida katika miaka mitatu kati ya mitano, na mtu aliyejiajiri mwenye faida ya dola 400 au zaidi hudaiwa asilimia 15.3 ya michango ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, juu ya kodi ya mapato ya kawaida. Asilimia hiyo huwashtua watu waliozoea kukatwa mshahara, kwa sababu mwajiri wao alikuwa akilipa nusu yake bila wao kuiona. Uingereza humwacha mtu apokee hadi pauni 1,000 za mauzo kwa mwaka wa kodi bila kutozwa kodi juu yake, na kiwango hicho hupimwa kwa mauzo ghafi, faida haihusiki.

Katika vitabu vya mafundi ninaokaa nao kuna mambo matatu yanayojirudia, nami huyarekebisha kabla ya mengine yote. La kwanza ni malighafi. Betri na vibao vilivyobaki kwenye sanduku mwisho wa mwaka katika mifumo mingi ni bidhaa ghalani na vinabaki kuwa mali, wala si gharama ya mwaka huo. Vinakuwa gharama pale kifaa kilichovitumia kinapouzwa. La pili ni kazi ya mikono. Saa unazotumia kung'arisha mbao hazitoki kwenye faida, kwa sababu wewe mwenyewe si mwajiriwa wako. Anayejiandikia mshahara katika daftari kisha akaupunguza kwenye faida amepunguza kodi isiyopunguzika. La tatu ni vifaa ulivyojiwekea au ulivyompa rafiki. Malighafi yake iondolewe kwenye gharama za biashara, na kama umesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, kwa kawaida utadaiwa kodi hiyo kana kwamba umejiuzia.

Kodi ya ongezeko la thamani ina kizingiti katika nchi nyingi, na mfanyabiashara mdogo huweza kukaa chini yake kwa miaka. Uingereza kizingiti ni pauni 90,000 tangu Aprili 2024. Lakini kizingiti cha nyumbani hakikufuati ukivuka mpaka: katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2021, mauzo ya mtandaoni kwa wanunuzi wa nchi nyingine wanachama yakizidi euro 10,000 kwa mwaka hutozwa kodi ya nchi ya mnunuzi. Marekani, uamuzi wa mwaka 2018 katika shauri la jimbo la South Dakota dhidi ya kampuni ya Wayfair uliyaruhusu majimbo kumtaka muuzaji wa mbali akusanye kodi ya mauzo hata kama hana duka katika jimbo hilo. Wala usitegemee kwamba hutaonekana, kwa sababu tangu 2023 masoko ya mtandaoni yanayofanya kazi katika Umoja wa Ulaya hupeleka kwa mamlaka za kodi taarifa za muuzaji wa bidhaa aliyefikisha mauzo 30 au aliyepokea zaidi ya euro 2,000 kwa mwaka.

Ushuru wa bidhaa ndio unaomchanganya fundi kuliko yote, na ndio ulio hatari zaidi, kwa kuwa mara nyingi hauna kizingiti cha mdogo. Ni ushuru unaomwangukia mtengenezaji au mwingizaji, na hudaiwa bidhaa inapotoka mahali ilipotengenezwa, yaani pengine kabla mnunuzi hajalipa. Nchi hutofautiana katika kinachotozwa. Uingereza imepanga kuanza tarehe 1 Oktoba 2026 kutoza pauni 2.20 kwa kila mililita 10 za kimiminika, hivyo muuza kasha tupu hatauhisi. Kenya, katika sheria yake ya ushuru wa bidhaa ya mwaka 2015, ilianza kwa kutoza kwa kila kifaa, shilingi 3,000, bila kujali bei yake. China ilianza Novemba 2022 kutoza asilimia 36 kwa mtengenezaji na 11 kwa muuzaji wa jumla. Jimbo la Pennsylvania, Marekani, liliweka mwaka 2016 asilimia 40 juu ya bei ya jumla. Angalia kwanza kama sheria yako inataja kimiminika, kifaa, au vyote viwili, kisha uulize kama mtengenezaji anahitaji leseni ya ushuru kabla ya kuunda kifaa cha kwanza. Mahali panapohitajika leseni, kutengeneza bila leseni huwa ni kosa peke yake, hata kama ushuru wote ulilipwa.

Namna kodi hizi zinavyopandana inastahili mfano wa hesabu. Chukua kifaa ambacho fundi angekiuza kwa 100 kabla ya kodi yoyote. Ushuru wa bidhaa ukiwa asilimia 40, bei inakuwa 140. Kodi ya ongezeko la thamani ikiwa asilimia 16, haihesabiwi juu ya 100. Inahesabiwa juu ya 140, ambayo ni 22.4, na mnunuzi analipa 162.4. Kama fundi alimwambia mnunuzi 100 na kupokea 100 akidhani kwamba kodi ni jambo la mwisho wa mwaka, mamlaka inaweza kuihesabu ile 100 kuwa bei iliyo na kodi zote ndani yake, na kilichobaki kwake ni kama 61.6. Malighafi ikiwa imemgharimu 55, kazi yake ya siku mbili imelipwa 6.6, na hapo hajaigusa kodi ya mapato. Kwa sababu hiyo bei ipangwe baada ya kuzijua kodi zote.

Vipande vinavyotoka nje vina hesabu yao forodhani. Tangu Januari 2022 mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa una namba maalumu ya sigara za kielektroniki na vifaa vinavyofanana navyo, 8543.40, jambo ambalo limezirahisishia nchi nyingi kuzitambua na kuzizuia. Kibao cha saketi kilichoandikwa kwenye kifurushi kuwa "kifaa cha redio" ili kipite kirahisi ni tamko la uongo la forodha, na jina lililo kwenye tamko hilo ni la mpokeaji.

Nimeyaacha mambo ya betri hadi hapa kwa kuwa ndiyo yanayoninyima usingizi zaidi kuliko kodi. Idara ya zimamoto ya serikali kuu ya Marekani ilikusanya taarifa za matukio 195 ya moto na milipuko ya sigara za kielektroniki kati ya 2009 na 2016. Mwaka 2018 mtu alikufa Florida kwa kifaa kilicholipuka, na mwaka uliofuata mwingine akafa Texas. Betri za aina ya 18650, ambazo mafundi wengi huzitumia, zilitengenezwa ziwe ndani ya vifurushi vya betri vyenye saketi za ulinzi, na Januari 2021 tume ya usalama wa bidhaa ya nchi hiyo iliwaonya watu wasizinunue wala kuzitumia moja moja. Madai ya fidia kwa bidhaa yenye kasoro, katika Ulaya na katika majimbo mengi ya Marekani, hayamtaki aliyeumia athibitishe uzembe wa mtengenezaji. Inatosha kuthibitisha kasoro, madhara, na kwamba kasoro ndiyo iliyoyaleta. Fundi anaweza kuwa mwangalifu kuliko kiwanda chochote na bado akadaiwa. Akinunua betri bandia bila kujua, mbele ya aliyeumia yeye ndiye aliyekiweka kifaa sokoni.

Kwa hiyo mpango wa kuuza usio na bima ya dhima ya bidhaa naona haujakamilika, na ni vyema kujua mapema kwamba bima ya nyumba kwa kawaida haigusi biashara, na kwamba mikataba mingi ya bima huitaja bidhaa ya mvuke miongoni mwa yasiyolipwa. Kusajili kampuni yenye dhima yenye kikomo husaidia kulinda nyumba na akiba dhidi ya madeni ya biashara, ila mtu aliyeunda kifaa kwa mikono yake anaweza kushtakiwa yeye binafsi kwa uzembe wake, kampuni ikiwapo au isiwepo. Kiwango cha usalama kiitwacho UL 8139 kinahusu mifumo ya umeme ya vifaa hivi, na hata usipokipeleka kifaa kupimwa, kukisoma kutakuonyesha hatari ambazo wakili wa mdai atakuuliza kama ulizifikiria. Katika Umoja wa Ulaya yapo pia masharti ya alama ya CE, ya kemikali zilizokatazwa katika vifaa vya umeme, na ya kujisajili kwa ajili ya taka za umeme na betri katika kila nchi unayouza. Kusafirisha betri za lithiamu kunahitaji ziwe zimefaulu vipimo vya Umoja wa Mataifa vinavyojulikana kama UN 38.3, na tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazotumwa peke yake haziruhusiwi katika mizigo ya ndege za abiria.

Kwa fundi ambaye tayari ameuza kabla ya kuyajua haya, ushauri wangu ni kusimamisha mauzo leo, kuandika orodha ya kila kifaa kilichotoka, kilikwenda kwa nani na kina betri gani, kisha kumwona wakili kabla ya kuiandikia mamlaka yoyote. Nchi nyingi hupunguza adhabu za kodi kwa anayejitokeza mwenyewe kabla hajaulizwa, lakini maelezo anayoyatoa kwa mamlaka ya kodi yanaweza kugusa sheria ya bidhaa, na ndiyo maana wakili atangulie. Orodha hiyo ina kazi ya pili: ikigundulika kwamba kundi fulani la vibao lina kasoro, ndiyo itakayomwezesha kuwafikia wanunuzi na kuwaambia waache kukitumia kifaa. Aitunze muda mrefu kuliko hesabu zake za kodi. Marekani IRS kwa kawaida ina miaka mitatu ya kuzirudia hesabu, na sita ikiwa mapato yaliyoachwa nje ya hesabu yanazidi robo ya yale yaliyotajwa. Lakini chini ya agizo la Ulaya la mwaka 1985 kuhusu bidhaa zenye kasoro, haki ya kumdai mtengenezaji huisha miaka 10 baada ya kifaa kuwekwa sokoni, na kila kifaa kina miaka yake 10 inayohesabiwa kuanzia siku kilipotoka mkononi mwa fundi.